Kabla hujaamini kwamba mafuta yamempa panya kisukari, uliza panya mwenzake alikula nini

Mtunza Vizimba (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Huu ni mwaka wa kumi na moja nalisha panya wa utafiti wa unene na kisukari. Kazi yenyewe ni ya mikono: kupima chakula, kupima uzito wa panya, kubadilisha maranda kwenye vizimba, kutoboa ncha ya mkia na kuchukua tone la damu la kupima sukari. Na karibu kila mwezi kuna mtu wangu wa karibu ananitumia habari yenye kichwa cha namna hii: "Wanasayansi wathibitisha vyakula vya mafuta vinaleta kisukari." Nikiifungua nakuta waliofanyiwa utafiti ni panya. Hilo halinisumbui. Nikishuka mpaka pale wanapoeleza panya walilishwa nini, ndipo ninapokuta kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya, likatula miezi minne na panya arobaini. Naomba nilieleze kwa kirefu, maana watu wanabadilisha sahani zao kwa sababu ya tafiti zenye kosa hili.

Panya anayetumika kuliko wote kwenye kazi hii ni yule mdogo mweusi wa mbegu inayoitwa C57BL/6J. Ukimwanzishia chakula cha mafuta mengi akiwa na wiki sita hivi, ananenepa, sukari ya damu inapanda, insulini inapanda zaidi, ini linajaa mafuta. Mwaka 1988 Richard Surwit na wenzake walilionyesha hilo, wakaonyesha pia kwamba panya wa mbegu ya A/J akila chakula kile kile anaponea kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo tangu mwanzo ilijulikana kuwa chakula kinafanya kazi na urithi wa mwili kinaoukuta.

Chakula chenyewe kinanunuliwa kwa namba. Maarufu ni D12492: asilimia 60 ya kalori zake ni mafuta, mengi ya nguruwe na kidogo ya soya, asilimia 20 ni protini ya maziwa, na asilimia 20 iliyobaki ni wanga na sukari. Gramu moja inabeba kilokalori 5.24. Kinatiwa rangi ya buluu ili kisichanganywe na kingine. Ukikishika kinaacha mafuta vidoleni, na peleti yake ni laini, unaibonyeza inavunjika. Panya anaitafuna huku anaipukutisha, chenga za buluu zinajaa kwenye maranda, na baada ya wiki chache manyoya yake yanang'aa kwa mafuta na kushikana vishungi vishungi.

Sasa kosa lenyewe. Kundi letu la kulinganishia tulilipa chakula cha kila siku cha vizimbani, zile peleti ngumu za kahawia za nafaka. Baada ya wiki kumi na mbili tofauti ilikuwa kubwa kwenye kila kipimo tulichogusa. Tukaandika kwamba mafuta ndiyo yaliyofanya. Mkaguzi wa nje aliyepewa andiko letu akauliza swali moja tu: hizo peleti za kahawia zina nini ndani? Tukatazamana.

Zile ni ngano, mahindi, soya, alfalfa (majani ya malisho ya mifugo) iliyokaushwa, pengine na unga wa samaki, vyote vimesagwa pamoja, na viwango vyake vinaweza kubadilika kufuatana na mavuno. Zina nyuzinyuzi za kila aina, zikiwemo zile zinazoyeyuka ambazo bakteria wa utumbo wanazichachusha. Soya yake ina viini vinavyofanana na homoni ya estrojeni. Chakula cha buluu, ambacho soya yake ni mafuta tu, hakina viini hivyo wala nyuzinyuzi hizo. Nyuzinyuzi zake ni selulosi, ambayo bakteria hao karibu hawaifanyii kitu. Protini ni nyingine, sukari ni nyingine, madini ni mengine. Sisi tuliamini tunalinganisha mafuta mengi na mafuta machache. Kumbe tulilinganisha vyakula viwili visivyo na undugu wowote, halafu lawama yote tukaibandika mafuta.

Tukarudia, safari hii kwa makundi matatu: wa buluu, wa nafaka, na kundi la tatu lililokula chakula cha viambato safi, yaani vilivyosafishwa na kupimwa kimoja kimoja, kama kile cha buluu ila mafuta yake ni asilimia 10 ya kalori. Wa buluu walinenepa kuliko wote, hilo halikubadilika. Lakini kundi la tatu, lenye mafuta machache, nalo liliwazidi uzito wale wa nafaka. Siku ya kuwapasua nilikuwa mimi mezani. Kile kifuko kilichopo utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, kwa panya wa nafaka kilikuwa kimetuna, kimejaa, rangi ya kijivujivu. Kwa makundi yote mawili ya viambato safi kilikuwa kimenywea, kama puto lililotolewa upepo. Mafuta yasingeweza kueleza hilo, kwa sababu kundi moja lilikuwa nayo kidogo sana.

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 2008 Craig Warden na Janis Fisler walishapitia tafiti zilizochapishwa na kuonya kwamba nyingi zinalinganisha chakula cha viambato safi na chakula cha nafaka. Na mwaka 2015 Benoit Chassaing na wenzake walionyesha kuwa ukosefu wa nyuzinyuzi zinazoyeyuka peke yake unaufanya utumbo wa panya unywee na kumwongezea mafuta mwilini, na kwamba wakirudishiwa inulini (mojawapo ya nyuzinyuzi hizo, si insulini) hali inatengemaa kwa kiasi kikubwa.

Nimeuleta uzi huu tuuchambue. Mwenye swali aulize, mwenye kunirekebisha anirekebishe.

---

Asiyeamini Haraka

Mkuu, umeeleza vizuri lakini mimi naona unahangaika na tawi wakati shina lenyewe limeoza. Nani duniani anakula asilimia 60 ya kalori zake kwenye mafuta ya nguruwe miezi mitatu mfululizo, asubuhi mpaka usiku, bila kubadilisha? Panya si mtu. Tuliambiwa leptini, ile homoni inayouambia ubongo kuwa mwili una akiba ya kutosha, imetibu panya mnene, magazeti yakapiga vigelegele, ikaja kwa watu ikashindwa. Kwa nini tusiache kutesa wanyama kwa majibu ambayo hayatufikishi popote?

---

Mtunza Vizimba

Mkuu, swali la mateso nalichukulia kwa uzito, maana mikono inayowashika ni yangu. Jaribio lililopangwa vibaya ndilo linalopoteza uhai bure. Wale panya arobaini wa mara ya kwanza walikufa na hawakujibu swali tulilouliza, na hilo bado linaniuma.

Kuhusu asilimia 60 uko sahihi, ni ya kupita kiasi. Inatumika kwa sababu inaharakisha: unene ambao ungeusubiri miezi mingi unaupata kwa wiki kadhaa. Kuna D12451 yenye asilimia 45, hiyo inatiwa rangi nyekundu, na wengi wanaiona inakaribia zaidi ulaji wa binadamu.

Ila kwenye leptini nakupinga, na nakupinga kwa nguvu. Yule panya aliyetibiwa hakuneneshwa na chakula. Alikuwa ob/ob, mbegu iliyotokea yenyewe kwenye maabara ya Jackson kule Bar Harbor, Marekani, ikatangazwa mwaka 1950. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman likaitambua jeni iliyoharibika: mwili wa panya huyo hautengenezi leptini inayofanya kazi. Ukimchoma leptini anapungua, kwa sababu umempa alichokosa. Binadamu wengi wanene hawajaikosa. Wanayo tele kwenye damu, mwili ndio hauisikii.

Na panya aliyeneneshwa kwa chakula yukoje? Naye anayo tele, naye haisikii. Mwaka 1997 ilishachapishwa kwamba panya wa namna hiyo akichomwa leptini chini ya ngozi au tumboni haimsaidii. Jaribio kubwa la kwanza kwa watu wanene lilitoka mwaka 1999, likaonyesha mafanikio kidogo na yasiyo na uhakika. Panya wa chakula alikuwa ameshatoa jibu mapema; macho ya watu yalikuwa kwa yule wa jeni. Na yule wa jeni hakudanganya pia: watoto wachache wanaozaliwa bila leptini wanatibiwa nayo mpaka leo, na inawasaidia kweli.

Kwa hiyo nikisikia "panya si mtu" huwa nauliza: panya yupi, na aliulizwa swali gani?

---

Mganga wa Wanyama

Naunga mkono, na niongeze panya mmoja ambaye wengi hawamjui. Psammomys obesus, panya wa jangwani Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Porini anaishi kwa majani ya kichaka cha chumvichumvi, maji mengi na kalori chache. Hanenepi wala haugui. Miaka ya 1960 akaletwa maabara akapewa peleti za kawaida, zile zile za kahawia ambazo panya wengine wanakula wakawa wazima. Akanenepa, sukari ikapanda, baadhi wakafa kwa kisukari. Knut Schmidt-Nielsen na wenzake waliliandika hilo mwaka 1964.

Tafakarini hapo. Hakuna tone la mafuta ya nguruwe. Chakula ambacho kwa mnyama mmoja ndicho cha "kawaida", cha kulinganishia, kwa mwingine ndicho kinachomwangamiza. Panya wa nyasi wa Mto Nile, Arvicanthis niloticus, naye ni hivyo hivyo, na uzuri wake anakuwa macho mchana kama sisi, hachangamki usiku kama panya wengine wa maabara.

Halafu kuna baridi. Vyumba vya panya mara nyingi vinawekwa nyuzi 22 hivi, kwa sababu wanaofanya kazi humo ni watu waliovaa makoti. Panya mdogo anastarehe karibu nyuzi 30. Kwenye nyuzi 22 anaunguza sehemu kubwa ya chakula chake kujipasha moto tu. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba panya waliokosa protini ya UCP1, ile inayowasha joto kwenye mafuta ya kahawia ya mwilini, wananenepa wakiwekwa kwenye joto lao, wakati kwenye ubaridi tatizo lilikuwa halionekani. Jeni ile ile, jibu likageuka kwa sababu ya kidhibiti joto ukutani.

---

Nuru ya Asubuhi

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi, naandaa pendekezo la utafiti, nataka kupima dawa ya mmea kwa panya mwenye kisukari aina ya pili. Msimamizi wangu aliniambia niagize chakula cha asilimia 60 na kundi la kulinganishia nilipe D12450B, yenye asilimia 10, kwa sababu "hiyo ndiyo jozi yake". Je, hapo nimeshakwepa kosa la Mtunza Vizimba? Na je, nitumie madume tu kama wanavyofanya wengine?

---

Mtunza Vizimba

Marahaba mwanangu. Umekwepa kubwa, umebakisha dogo. D12450B, ile ya rangi ya njano, ina viambato safi, sawa. Lakini asilimia 35 ya kalori zake ni sukari ya kawaida, sukrosi. Ile ya buluu ina kama asilimia 7. Kwa hiyo kundi lako la mafuta machache litakuwa linakula sukari mara tano ya lile la mafuta mengi, na sukari nayo inaligusa ini. Ukiona tofauti, ndogo au kubwa, hutajua nani kaileta. Baadaye ilitengenezwa D12450J, ambayo sukari yake imelinganishwa na ya D12492. Kama utaamua kutumia ya asilimia 45, jozi yake kwa sukari ni D12450H. Herufi moja ya mwisho, na maana inabadilika kabisa. Mwambie msimamizi wako kwa adabu, na umpelekee karatasi za viambato zote mbili azione ubavu kwa ubavu.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa kubwa, soma habari za kima wa rhesus waliopunguziwa chakula kule Marekani. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilitoa matokeo mwaka 2009: kima waliopunguziwa walikufa wachache zaidi kwa magonjwa ya uzee. Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Uzee ikatoa yake: hawakuishi muda mrefu zaidi. Watu wakachanganyikiwa. Lakini chakula cha Wisconsin kilikuwa cha viambato safi chenye sukrosi asilimia 28.5, na kima wa kulinganishia waliachiwa wale wanavyotaka. Kile cha Taasisi kilikuwa cha vyakula asilia, sukrosi asilimia 3.9, na hata wa kulinganishia walipimiwa wasizidishe. Wale wa Wisconsin walikuwa wakilinganishwa na kima wanene ambao baadhi yao walipata kisukari. Wale wa Taasisi walilinganishwa na kima ambao tayari walikuwa wanakula kwa kiasi. Makundi hayo mawili ya watafiti hatimaye yalikaa pamoja na kuandika andiko moja mwaka 2017. Mimi kila mwanafunzi anayekuja kwangu namsimulia kisa hiki kabla sijamwonyesha mzani.

Kuhusu madume: madume wa mbegu hii wananenepa na kupandisha sukari haraka, majike wana kinga fulani kutokana na homoni zao. Ndiyo maana watu wanakimbilia madume. Lakini dawa yako watakuja kuinywa wanawake pia. Ukipata nafasi weka wote, uwachambue kila jinsia peke yake.

---

Mganga wa Wanyama

Mdogo wangu Nuru, kuna jambo la tatu. Umesema "panya mwenye kisukari". Panya mweusi wa chakula cha mafuta kwa kawaida anaishia kwenye ukinzani wa insulini, yaani mwili kutoitikia insulini vizuri, na sukari iliyopanda kiasi tu. Kongosho lake linajitutumua, linamwaga insulini zaidi na zaidi, wala halichoki upesi. Ukitaka sukari ipande sawasawa, wengi wanamlisha mafuta kwanza kisha wanamchoma kipimo kidogo cha streptozotosini, sumu inayoua seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini. Ukizidisha kipimo umeziua zote, na hapo una kisukari kinachofanana na aina ya kwanza ndani ya mwili mnene. Dawa yako ikishindwa, au ikifaulu, utakuwa umeijaribu kwa ugonjwa mwingine.

Na ukitumia panya wakubwa (Waingereza wanawaita rat) wa mbegu ya Sprague Dawley jua kwamba hawafanani. Wakipewa chakula chenye nguvu nyingi, karibu nusu wananenepa na nusu wanabaki kama walivyo. Barry Levin alijenga utafiti wake mrefu juu ya mgawanyiko huo, akazalisha mbegu mbili, moja ya wanaonenepa na moja ya wasionenepa. Wewe ukiwachanganya bila kujua, wastani wako hautamwakilisha panya yeyote.

---

Naishi na Sukari

Nimesoma yote mpaka hapa. Mimi siyo mtaalamu, nina kisukari mwaka wa sita. Niliposoma habari kama hizo niliacha mafuta yote kabisa, nikajaza nafasi yake kwa wanga, sukari ikanipanda mpaka daktari akashangaa. Mtunza Vizimba, naomba uniambie ukweli: hizo kazi zenu zimewahi kumsaidia mtu kama mimi, au ni za kuandika maandiko tu?

---

Mtunza Vizimba

Ndugu yangu, pole sana. Zimesaidia. Insulini yenyewe ilifikiwa mwaka 1921 kule Toronto kupitia mbwa waliotolewa kongosho. Dawa za kundi la GLP-1, zinazoiga homoni ya utumbo, unazozisikia siku hizi, kama exenatide iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005 na semaglutide mwaka 2017, zilipita kwa panya wanene na wenye kisukari kabla ya kumfikia mtu. Panya anafaa sana kukuonyesha kitu kinafanyaje kazi ndani ya mwili: ini linapojaa mafuta insulini inapoteza vipi nguvu, seli za beta zinachoka kwa hatua zipi.

Asichoweza kukwambia ni ule nini leo mchana. Mlo wa panya wa buluu ulipangwa umnenepeshe upesi, basi. Hata aina ya mafuta inageuza jibu: mwaka 1987 Leonard Storlien na wenzake walionyesha kwamba panya wakubwa waliopewa mafuta ya samaki badala ya sehemu ya mafuta mengine hawakupata ule ukinzani wa insulini. Kwa hiyo neno "mafuta" kwenye kichwa cha habari linakuwa limeshapoteza nusu ya maana. Mlo wako upange na daktari wako na mtaalamu wa lishe anayeona vipimo vyako.

---

Asiyeamini Haraka

Mkuu, la leptini nimelisoma mara mbili. Nilikuwa nimechanganya panya wawili tofauti. Bado naona asilimia 60 haina sababu kwa tafiti nyingi, lakini hoja ya kundi la kulinganishia nimeipokea.

---

Nuru ya Asubuhi

Asanteni sana. Nimeandika upya: makundi matatu, D12451 na D12450H, na kundi la nafaka kama la marejeo tu, wala silitumii kutoa hitimisho kuhusu mafuta. Madume na majike. Kipimo cha kuhimili glukosi (kumpa panya sukari hiyo kisha kufuatilia damu yake) wiki ya 12, glukosi gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, baada ya kufunga usiku kucha. Kuna kingine nimeacha?

---

Mtunza Vizimba

Viwili, mwanangu, vyote vya mikono.

Hicho kipimo cha glukosi. Panya wako mwembamba ana gramu 30, atapata miligramu 60. Mnene ana gramu 50, atapata miligramu 100. Lakini hizo gramu 20 za ziada karibu zote ni mafuta, na glukosi hasa inamezwa na misuli. Umemmiminia sukari zaidi panya mwenye misuli ile ile, halafu utasema ameshindwa kuimudu. Kama una mashine ya kupima mwili usio na mafuta, pima dozi kwa huo. Kama huna, toa dozi moja kwa wote na uiandike wazi. Na usiwafungishe usiku kucha. Usiku ndio wakati wao wa kula, kwa mnyama mdogo kiasi kile hiyo inakaribia kuwa njaa kali na ini linabaki tupu. Kufunga kwa muda wa saa sita kuanzia asubuhi kunatosha.

Cha pili ni chenga. Ukipima chakula kilichobaki kwenye kihori tu, utaandika panya amekula gramu tano wakati moja iko chini kwenye maranda. Chekecha maranda, okota chenga, zipime, kizimba kwa kizimba. Chakula cha mafuta kihifadhi kwenye baridi na ukibadilishe angalau kila wiki, maana mafuta yake yanachacha na panya watakipunguza bila wewe kujua kwa nini. Agiza chakula cha jaribio zima kwa shehena moja ukiweza, na nipigie picha lebo za magunia kabla hujayafungua, nikutazamie hizo herufi za mwisho.